Jeep Iliyozeeka Bila Kutembea



Wengi wameniuliza juu ya ile jeep ndogo iliyo juu ya kabati la biblioteki. Wengine wanauliza kama ilinunuliwa Ulaya. Wengine, hasa wa internat, wanauliza sababu gani kapita wa wanafunzi, mtu wa mwaka wa sita ambaye egzame ya Leta inamngoja, anakaa kila siku ya posho nyuma ya jiko na kupaka potopoto juu ya mchezo wa watoto. Mkubwa wa gazeti letu amenipa nafasi nijibu wote mara moja, ili wasinisimamishe tena njiani wakati kengele ya chakula imekwisha kulia. Basi najibu.

Jeep haikununuliwa. Niliitengeneza kwa kartoni, mikebe ya sardini, waya, na mpira wa sandali iliyokatika. Hapo hakuna ajabu. Kila mtoto wa Kongo amekwisha kutengeneza otomobili ya waya ao ya mabua na kuisukuma njiani. Tofauti ni moja tu, ni kipimo. Jeep ya kweli, ile Willys ya Vita ya Pili ya Dunia, ina urefu wa metre 3,33 na upana wa metre 1,57. Toka katikati ya gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni metre 2,03. Nikagawanya yote kwa 20. Urefu ukawa santimetre 16 na nusu na kidogo, upana karibu 8, na toka gurudumu mpaka gurudumu 10 na kidogo. Nilikataa kabisa kukisia kwa macho. Mtu akikisia, kichwa cha gari kinakuwa kikubwa kama cha samaki na wote wanacheka.

Nilichagua jeep juu ya historia yake. Tangu mwaka 1941 mpaka 1945 kampani mbili za Marekani, Willys na Ford, zilitengeneza zaidi ya 600.000. Motere ina silinda ine na nguvu ya farasi 60. Haina milango. Kioo cha mbele kinalala juu ya kifuniko cha motere. Mbele kuna matundu tisa yaliyosimama, si saba. Mwenye kuchora saba amechora jeep ya raia iliyokuja nyuma ya vita. Jambo ambalo wadogo wangu wa darasa la saba wanapenda kushinda yote ni taa: unalegeza parafujo moja na taa inageuka kutazama nyuma, inaangaza motere, shoferi anatengeneza usiku pasipo kushika taa mkononi. Niliziweka hivyo hivyo juu ya yangu. Zinageuka. Tafadhali msizigeuze tena, moja imekwisha kuchoka.

Lakini sikuchukua kalamu nieleze vyuma. Nataka kueleza rangi, kwa maana kazi ya kartoni ilichukua wiki mbili, na kazi ya rangi ilichukua miezi miwili.

Rangi ya jeep za vita inaitwa kijani cha zeituni. Sisi watu wa Biblia tunataja mizeituni kila Juma la Mateso lakini hakuna hata mmoja kati yetu aliyeiona, kwa hiyo sikuwa na tunda la kufananisha. Rangi hiyo si kijani cha majani. Inatoka katika manjano ya udongo na nyeusi. Ndiyo, nyeusi na manjano! Mwenye kubisha atie nyeusi kidogo kidogo ndani ya manjano, ataona kijani kinatokea chenyewe, kijani cha huzuni kidogo. Nilipata rangi ya mafuta iliyobaki wakati walipopaka madirisha, nikachanganya, halafu nikaongeza nyeupe kijiko kimoja. Sababu ya nyeupe ni hii: kitu kidogo kikipakwa rangi ile ile ya kitu kikubwa, kinaonekana cheusi zaidi. Jeep ya santimetre 16 mezani ni sawa na jeep ya kweli unayoiona kwa mbali, na kwa mbali hewa inafifisha rangi. Tazameni milima ya ng'ambo ya ziwa wakati mbingu iko safi. Miti yake ni ya kijani kama ya kwetu, lakini tunaona bluu.

Nikapaka mara mbili, rangi nyepesi nyepesi, nikaacha ikauke juma nzima. Hapo ndipo nilimpelekea mzee wetu sentineli.

Wanafunzi wengi wanamjua kwa ajili ya ufunguo wa mlango mkubwa tu. Hawajui kwamba aliingia jeshi kijana, wakati inchi yetu ingali Zaire, na kwamba alikuwa shoferi wa jeep kwa miaka mingi. Alivaa miwani, akaigeuza mkononi, akanuka rangi.

– Mutoto yangu, ni nzuri sana. Lakini haiyatembea hata siku moja.

– Papa, ndiyo sababu nimekuja. Nataka uniambie inazeekaka namna gani.

Akaanza kusema, na mimi nikaandika ndani ya kaye ya jiografia kwa sababu ndiyo ilikuwa mkononi. Mambo aliyoniambia siku ile siyapati katika kitabu chochote cha biblioteki yetu.

Alisema uchafu hauanguki popote popote, kila doa lina mtu wake. Jeep hizi zinaendeshwa upande wa kushoto, na hazina mlango: shoferi anapanda na kushuka mara makumi kwa siku, suruali yake inasugua ukingo wa bati mahali pale pale. Hapo rangi inakwisha mpaka chuma kinang'aa. Upande wa mkubwa aliyeketi kuume rangi inadumu zaidi, kwa maana mkubwa hashuki kila wakati, anatuma. Tangi la esanse liko chini ya kiti cha shoferi. Kila mara ya kujaza, shoferi anasimama, anainua kiti, anamwaga kidogo, na esanse inaosha rangi kuzunguka tundu na kuacha alama yenye kung'aa. Na kioo! Zamani vipanguso vya kioo havikuwa na motere, vilisukumwa na mkono. Shoferi anasukuma chake kwa sababu anataka kuona njia. Mkubwa hasukumi.

– Kwa hiyo, mzee akasema, nusu ya kioo iko safi sawa mwezi, na nusu ingine iko vumbi tupu. Ukitengeneza kioo chote kimoja, mi nitajua kama ni mutu ya bureau njo alitengeneza.

Tulicheka sana. Kioo changu, ambacho ni kipande cha chupa ya maji, kina nusu mwezi moja tu, upande wa kushoto. Nendeni mtazame.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa ajili ya wale watakaotaka kujaribu.

Cha kwanza ni kuosha, lakini si kuosha kwa kutakasa. Unachukua masizi ya jiko na udongo mweusi uliosagwa, unatia ndani ya maji na tone moja la maji ya sabuni. Pasipo sabuni, maji yanajikusanya kama matone juu ya jani la magimbi, rangi ya mafuta inayakataa. Sabuni inavunja ule mkazo, maji yanakubali kulala na kukimbia ndani ya kila pembe. Mwalimu wa shimi alipoona, alichukua chupa yangu akaionyesha kwa darasa la nne, na mimi nikabaki kungoja chupa yangu. Maji yakikauka, masizi yanabaki ndani ya mifereji na kuzunguka vichwa vya misumari. Kila pembe inajionyesha. Mtu anaweza kutumia petroli pahali pa maji, lakini juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakauka sana, petroli inaamsha rangi na yote inakuwa uji.

Nyuma ya kuosha, brashi kavu. Unachovya brashi ndani ya kijani kilichoongezwa nyeupe, unaipanguza juu ya gazeti mpaka inaonekana haina kitu tena, halafu unaipitisha upesi upesi juu ya makali ya bati. Rangi kidogo iliyobaki inashika makali tu. Jua la miaka mingi linafanya vile vile, linapausha kwanza mahali palipoinuka.

Tena mikwaruzo. Wengi wanafikiri mkwaruzo unachorwa na brashi. Hapana. Mkono wa mtu unapenda kupanga, hata ukiuambia usipange. Doa linafuata doa kama wanafunzi kwenye mstari wa bendera. Kata kipande cha sponji ya godoro kuukuu, chovya kidogo ndani ya kahawia nyeusi, pangusa, gusa gusa. Sponji haijui kupanga, na hiyo ndiyo faida yake. Mahali pa chuma kilicho wazi kabisa, pale suruali ya shoferi inaposugua, nilisugua kwa kreyo ya kuandikia. Ncha ya kreyo ikipitishwa na kidole inang'aa kama chuma, inadanganya hata aliyeshika jeep mkononi.

Juu ya kutu nilikuwa na bahati, kwa maana nilikuwa na kutu ya kweli. Nilisugua mikebe iliyoachwa katika mvua, nikapata unga. Ile kutu ya juzi ni ya rangi ya chungwa, ya zamani ni ya kahawia karibu nyeusi. Mwenye kupaka chungwa kila mahali anatuambia kwamba gari lilipata kutu jana. Na kutu inashuka na maji. Chini ya parafujo, chini ya bawaba ya kioo, unavuta mstari mwembamba kwenda chini, daima chini. Nilimwona mwenzangu mmoja akivuta mistari kwenda pembeni, nikamwuliza kama jeep yake ililala ubavu.

Mwisho, vumbi na potopoto. Hapa inchi yetu ni tajiri kushinda Ulaya. Watu wa mbali wananunua vumbi ndani ya vichupa vidogo; sisi tunalipumua. Lakini msichukue udongo wa njia na kuutia hivi hivi! Hesabuni: kwa kipimo cha moja juu ya 20, punje ya mchanga ya milimetre moja inakuwa jiwe la santimetre mbili. Jeep yenye mawe hayo mlangoni inaonekana imepita katika volkano. Nilisaga udongo mwekundu wa barabara ya kwenda Moba, nikauchunga kwa soksi nyepesi ya mwanamke (dada yangu alinipa, ilikuwa imepasuka), nikachanganya na kole nyeupe iliyozimuliwa na maji. Potopoto ya zamani iliyokauka ni nyeupe kidogo, naliongeza unga wa chaki. Ya leo ni nyeusi na inang'aa, kwa hiyo niliongeza kole. Tena nilichovya mswaki wa meno, nikavuta nywele zake kwa kidole, matone yakaruka kutoka nyuma ya kila gurudumu kama yanavyoruka kweli njiani. Mahali ambapo gurudumu haliwezi kurusha, sikuweka kitu.

Jeep ilikuwa karibu kwisha wakati mabishano yalipoanza ndani ya dortware.

Wenzangu wa mwaka wa sita na wa tano walitaka matundu ya risasi. Walileta hata sindano na mshumaa. Walisema jeep ya vita isiyo na tundu la risasi ni otomobili ya arusi. Mmoja alitaka rangi nyekundu juu ya kiti. Upande wa pili Pasta aumonier wetu, bila hasira, aliniuliza kama ni vizuri chombo cha kuua watu kikae katika biblioteki ya shule ya Kanisa, pembeni ya Biblia. Nilimjibu kwa heshima kwamba bunduki imetengenezwa kwa kazi moja tu, lakini jeep ilibeba waliopigwa, barua na supu, na mwaka 1945, kabla vita haijapoa, Willys walianza kuiuza kwa wakulima ili ivute jembe. Alisema atafikiri. Mimi pia niliendelea kufikiri, maana jibu langu lilikuwa la kweli lakini lilikuwa la kitabu.

Katika internat yetu tuko na wadogo waliotoka Kivu ya Kusini. Walifika mwaka 2025, nyuma ya Goma kuanguka katika mwezi wa kwanza na Bukavu katika mwezi wa pili. Wengine walipita Fizi kwa miguu, wengine kwa mtumbwi. Kwa kazi yangu ya kapita najua nani kati yao halali usiku. Mmoja wao, wa darasa la saba, alikuwa anakuja kila siku ya posho nyuma ya jiko. Hakusema kitu. Alikuwa anakaa juu ya ndoo na kutazama.

Siku ile ya sindano na mshumaa alisema. Alisema polepole, kama anayesahihisha hesabu:

– Yaya kapita, ile ya kwetu haikukuwa na tundu. Haikukuwa hata na potopoto. Ilikuwa mupya. Ilikuwa inang'aa.

Hakuna aliyecheka. Yule mwenye sindano alizima mshumaa mwenyewe.

Ndugu zangu, neno hilo nilililala nalo. Miezi miwili nilikuwa nimejifunza kusoma uchafu: hapa alishuka shoferi, hapa ilinyesha mvua, hapa kilisugua kiatu. Na mtoto huyu alikuwa anasema kwamba gari lililoharibu maisha yao halikuwa na alama hata moja ya kusoma. Kumbe alama zilibaki kwa watu. Tangu siku ile siamini tena mtu anayeniambia anajua vita kwa kuangalia matundu katika picha.

Kesho yake, nyuma ya ibada, nilimwuliza yeye angeweka nini juu ya jeep. Nilifikiri atasema aivunje, na kwa kweli ningemwachia. Akasema:

– Mizigo.

Basi tukaiweka mizigo. Yeye ndiye aliyechagua, mimi nilishika makasi tu. Godoro moja la sponji, limekunjwa na kufungwa kwa uzi. Bidoni mbili za manjano, tulizichonga katika mti mwepesi. Sufuria tatu za vifuniko vya chupa, moja ndani ya nyingine, kubwa imepakwa masizi chini kwa maana ilipikiwa juu ya kuni. Alikataa sufuria ipakwe nje yote. Alisema mama yake alikuwa anasugua nje kwa majivu, chini tu ndiyo ilibaki nyeusi. Mkeka. Kuku mmoja, ambaye alitumaliza masaa mawili na bado anafanana na njiwa. Na kiti kimoja cha plastiki, kimegeuzwa miguu juu, kwa sababu, alisema, kila mtu anachukua kiti na hakuna anayejua sababu.

Mizigo ilibadilisha kazi yote. Jeep yenye kubeba inakaa chini nyuma, hivyo nililazimika kukata resore na kuziweka upya, nyuma imeshuka milimetre tatu. Kamba zinasugua rangi kwenye makali ya bati, nikaongeza kreyo pale. Vumbi halipiti chini ya godoro, kwa hiyo nilipangusa chini yake kabla ya kulifunga, hata kama hakuna atakayeona. Nyota nyeupe ya Marekani iliyokuwa juu ya kifuniko cha motere niliisugua mpaka ikabaki kivuli. Sikuipaka bendera ya mtu yeyote. Wengine walisema niipake nyeupe yote kama magari ya UNO, yale ya ONUC ya miaka ya 1960 mpaka 1964 ao yale ya MONUSCO ambayo yaliondoka Kivu ya Kusini mwaka 2024. Nilikataa. Nyeupe ni rangi ya gari ambalo linaondoka na kuacha watu, hivyo ndivyo wadogo wetu wanavyoiona, na mimi siwezi kubishana nao.

Mzee sentineli alipoitazama mara ya mwisho alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaonyesha kwa kidole kiti cha shoferi.

– Njo nani anaendesha?

Mtoto akajibu mbele yangu kwamba shoferi ameshuka kuomba maji. Mzee akakubali kwa kichwa, akasema basi weka alama ya kiatu chake, ya kushuka. Iko pale, upande wa kushoto, potopoto ya rangi ya mvua ya leo. Ni ndogo kama mbegu ya mpunga.

Pasta aumonier naye alikuja. Alihesabu sufuria. Alisema jeep inaweza kukaa katika biblioteki, lakini si pembeni ya Biblia, ikae juu ya kabati la jiografia. Nimetii, na ndiyo sababu mnaiona kule juu.

Wale wanaotaka kujifunza waje siku ya posho ijayo nyuma ya jiko, baada ya salongo. Tutaanza mashua ya mbao, ile ya kubeba watu na samaki ziwani, na mzee amekwisha kusema kwamba maji yanakula rangi kwa namna ingine kabisa, hasa pale yanapopanda na kushuka. Kila mtu alete mswaki wake wa zamani na kipande cha sponji. Chaki tutatafuta wenyewe. Ile ya madarasa Bwana Prefe amekwisha kuihesabu.